Muhula wa Kwanza Stanford: Huduma za Kutafuta na Wakati wa Kuzitafuta

Chuo Kikuu cha Stanford, kilichoanzishwa mwaka 1885 na Leland na Jane Stanford na kufungua madarasa yake mwaka 1891, ni chuo binafsi cha utafiti chenye eneo la zaidi ya ekari 8,000 kusini mwa San Francisco, na huduma zake kwa wanafunzi ni nyingi kuliko mgeni anavyoweza kukisia. Hata hivyo, karibu zote humngoja mwanafunzi aziendee mwenyewe. Hakuna mshauri wa wanafunzi atakayepita bwenini kuuliza mbona umekonda, wala tangazo litakalobandikwa ubaoni likiwa na jina lako. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi anayetoka Afrika Mashariki, hasa wa shahada ya kwanza, na unaeleza huduma ipi itafutwe lini, kwa sababu katika chuo hiki kuchelewa wiki mbili ni kuchelewa sana.

Maandalizi yanaanzia nyumbani, tena hospitalini. Kituo cha afya cha chuo, kiitwacho Vaden, hudai kumbukumbu za chanjo pamoja na uchunguzi wa kifua kikuu kwa wanaotoka katika nchi ambako ugonjwa huo umeenea. Wengi wetu tulichanjwa BCG, chanjo ya ugonjwa huo, tukiwa wachanga na kovu lake bado liko mkononi. Chanjo hiyo inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kionyeshe maambukizi ambayo hayapo. Kwa hiyo omba kipimo cha damu, ambacho hakiathiriwi na BCG, na majibu yake uyabebe pamoja na kadi ya chanjo. Pita pia kwa daktari wa meno kabla ya kusafiri, kwa kuwa bima za afya za Marekani kwa kawaida hutenga meno na macho kuwa bima za pekee, na bei ya kuziba jino moja California inaweza kukufanya uvumilie maumivu hadi likizo.

Mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anaruhusiwa kuingia Marekani si zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo iliyoandikwa kwenye fomu ya I-20, hati ambayo chuo hukupa ili uombe viza. Fomu hiyo ikae kwenye begi la mkononi pamoja na pasipoti, kamwe isiwekwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Ukishafika, ofisi ya kwanza ya kushughulika nayo ni Bechtel International Center, inayohudumia wanafunzi wa kigeni: ndiyo inayothibitisha kwa serikali kwamba umefika na umejisajili, na ndiyo ya kuulizwa kabla hujapunguza kozi, kusimamisha masomo au kupokea kazi yoyote. Ukihama chumba, anwani mpya inatakiwa kuingizwa kwenye mfumo wa chuo ndani ya siku 10. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini ni rahisi kuyatekeleza kwa wakati na ni vigumu mno kuyarekebisha yakishaharibika.

Jambo linalowashangaza wengi ni kalenda. Mwaka wa masomo umegawanywa katika vipindi vya takriban wiki kumi: cha vuli kinachoanza mwishoni mwa Septemba, cha baridi kinachoanza Januari, na cha masika kinachomalizika Juni, mbali na kile cha kiangazi ambacho si cha lazima kwa wengi. Aliyezoea muhula wa miezi minne, ambao wiki mbili za mwanzo hupotea katika usajili na kutafuta vyumba, atajikuta na jaribio la kwanza kabla hajazijua njia za kampasi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutakiwa kuchukua yuniti zisizopungua 12 kwa kipindi, na kiwango cha juu cha kawaida ni 20. Kila yuniti moja inakadiriwa kudai saa tatu za kazi kwa wiki, ikiwa ni pamoja na saa za darasani. Yuniti 15, basi, ni saa 45 kwa wiki, sawa na ajira kamili yenye saa za ziada. Ushauri wangu ni kwamba kipindi cha kwanza usizidishe 15, hata kama matokeo yako ya kidato cha sita yaligonga vichwa vya habari.

Siku utakapopewa muhtasari wa kila kozi, keti na kalenda ya chuo na uandike tarehe mbili kwa wino mwekundu. Ya kwanza ni Ijumaa ya wiki ya tatu, ambayo kwa kawaida ndiyo siku ya mwisho ya kuongeza au kuacha kozi bila alama yoyote kubaki kwenye hati ya matokeo. Ya pili ni Ijumaa ya wiki ya nane, mwisho wa kujiondoa kwenye kozi kwa kuandikiwa herufi W, ambayo haiingii kwenye wastani wa alama. Baina ya tarehe hizo mbili ndipo wanafunzi wengi huteseka kimya kimya, wakitumaini kwamba mambo yatajinyoosha. Mwenye F-1 akumbuke kwamba kujiondoa kunakomshusha chini ya yuniti 12 kunagusa hadhi yake ya uhamiaji, kwa hiyo apite kwanza Bechtel kabla ya kubonyeza kitufe chochote kwenye Axess, mfumo wa usajili wa kozi.

Njia ya kuzuia hali hiyo ni kuwaona walimu mapema. Kila profesa na kila mkufunzi msaidizi hutenga saa maalumu kila wiki za kuonana na wanafunzi, na kwenda huko hakuchukuliwi kuwa dalili ya udhaifu. Wanaokwenda sana mara nyingi ndio wanaoongoza darasani. Wanafunzi wetu hukwama kwenye heshima. Huandika barua pepe ndefu ya salamu, samahani kwa usumbufu, na shukrani za awali, kisha swali lenyewe linakuja mwishoni likiwa limechoka. Barua inayofaa ni fupi na inaonyesha kazi iliyokwisha fanyika, kwa mfano hivi:

"Habari, Profesa. Niko kwenye kozi yako ya takwimu, kundi la Jumanne. Katika swali la tatu la zoezi la wiki hii, uwezekano ninaoupata unazidi 1, jambo lisilowezekana, nami nadhani nimekosea pale nilipojumlisha matukio mawili yasiyotengana. Nitakuja kesho katika saa yako ya wanafunzi na nimeambatisha ukurasa wa hesabu zangu."

Ukiingia ofisini, weka ukurasa ule mezani na uanzie hapo hapo. Kwa upande wa insha na mawasilisho, kituo cha Hume hutoa msaada wa bure wa mtu kukaa nawe na kupitia rasimu yako, na nafasi zake hujaa haraka kadiri wiki za mwisho zinavyokaribia. Weka miadi ukiwa na aya mbili tu. Wale wanaongoja insha ikamilike hukuta hakuna nafasi.

Uangalifu mkubwa unahitajika kuhusu Honor Code, kanuni ya uadilifu iliyoandikwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1921. Kwa takriban karne nzima chuo hiki kilifanya mitihani bila msimamizi chumbani, utaratibu ulioanza kubadilika katika miaka ya karibuni, na kwa mtu aliyepitia mitihani ya NECTA au KNEC, pamoja na ukaguzi wake wa mifuko na askari mlangoni, uhuru huo unaweza kuonekana kama mtego. Si mtego, ila adhabu ya kuutumia vibaya ni nzito. Kudesa, yaani kutegemea kazi na majibu ya wenzako, ni jambo linaloweza kukusimamisha masomo, ilhali kujadiliana huruhusiwa katika kozi fulani na kukatazwa katika nyingine. Programu za akili bandia nazo zina masharti tofauti kutoka kozi hadi kozi, na mwalimu asipotamka lolote, matumizi yake huhesabiwa kama msaada kutoka kwa mtu mwingine. Soma muhtasari wa kozi, na pale muhtasari usipoeleza, uliza kwa maandishi.

Kuhusu afya, aliyezoea kuonyesha kadi dirishani na kupewa dawa atahitaji kujifunza upya. Ugonjwa usio wa dharura uanzie Vaden, kwa sababu kwenda moja kwa moja kwenye idara ya dharura ya hospitali kunaweza kukuletea bili ya kushtua hata ukiwa na Cardinal Care, bima ya chuo. Kabla ya rufaa yoyote uliza kama daktari yumo kwenye mtandao wa bima yako, yaani ana mkataba nayo, na wewe utachangia kiasi gani. CAPS, kitengo cha ushauri nasaha, ni cha wanafunzi wote na si cha "wagonjwa wa akili", kama wengi nyumbani wanavyodhani. Usiku wa Januari unaoingia saa kumi na moja jioni, mbali na ndugu, umewapeleka huko watu wenye akili timamu kabisa. Mwenye ulemavu, au maradhi ya kudumu kama selimundu au kisukari, ajiandikishe katika Office of Accessible Education wiki ya kwanza ili apate barua za kuwapa walimu. Mficha uchi hazai.

Kazi za ndani ya kampasi, kama vile maktaba au maabara, zinaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kusambaza vyakula kwa kutumia akaunti ya rafiki ni kazi nje ya kibali, na kunaweza kukupotezea viza. Hata usipopata senti, kila mwaka jaza Fomu 8843 ya mamlaka ya kodi ya Marekani.

Usafiri hauna matatizo: mabasi ya Marguerite, yaliyopewa jina la farasi jike aliyevuta kigari zamani, ni ya bure na yanafika stesheni ya treni ya Palo Alto, na baiskeli inahitaji kusajiliwa, taa za usiku na kufuli imara. Chakula cha mabweni kinatosha, isipokuwa kwa anayetamani ugali. Unga wa masa harina unaojaa madukani haufanani na sembe, kwa kuwa mahindi yake yamechemshwa kwa chokaa, hivyo tafuta unga mweupe wa mahindi wa kawaida. Chama cha wanafunzi wa Afrika kitakuelekeza duka.

Mwezi wa Desemba unapokaribia, chunguza kama bweni lako hufungwa wakati wa likizo na upange mahali pa kukaa mapema. Anayerudi nyumbani ahakikishe kwamba saini ya safari, ambayo Bechtel huiweka kwenye I-20, haijapita mwaka mmoja. Viza iliyoisha muda haikuzuii kuendelea kusoma ukiwa ndani ya Marekani, lakini huwezi kuingia tena bila mpya, kwa hiyo tafuta miadi ya ubalozi wa Marekani katika nchi yako kwanza, ndipo ununue tiketi.