Mwizi hagusi kufuli: namna ya kulinda stoo ya shambani

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa niliitwa kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya nyanya, nje kidogo ya Ilula mkoani Iringa. Mwenye shamba alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo yake, funguo mkononi. Kufuli lilikuwa mahali pake, limefungwa, halina hata mkwaruzo. Ndani mlikuwa mtupu. Mashine ya maji, bomba la kupulizia, mipira, mifuko minne ya mbolea, vyote vimekwenda. Tulipozunguka nyuma tukakuta tundu chini ya ukuta, upana wake unapitisha mfuko wa kilo 50, na udongo wa pale bado umelowa. Mwizi alichota maji kwenye mfereji uleule wa kumwagilia, akayamwagia matofali mabichi, akasubiri yalainike, akachimba kimyakimya. Kufuli lile lilikuwa jipya, tena la bei ghali.

Tangu siku hiyo, mkulima akiniomba nimwangalizie stoo, naanzia nyuma. Nakuomba na wewe ufanye hivyo leo jioni. Zunguka stoo yako kama mtu aliyekuja kuiba, jiulize ungeingilia wapi. Mara nyingi utakuta pesa yote umeiweka mlangoni, na njia iko kwingine.

Ukuta wa matofali mabichi unahitaji lipu ya saruji upande wa nje, angalau mita moja ya kwanza kutoka chini. Kama huna uwezo wa kupiga lipu ukuta mzima, anza na ule wa nyuma, usioonekana njiani. Kabla ya lipu, pigilia wavu wa kuku ukutani. Saruji itaushika vizuri, na atakayejaribu kuchimba atakutana na waya. Anayejenga upya ajenge msingi wa mawe na mistari michache ya chini kwa matofali ya kuchoma. Hiyo itamsaidia na wakati wa masika pia, maana maji yanayorukia ukutani hula stoo nyingi kuliko wezi.

Paa ndiyo njia ya pili. Bati lililopigiliwa misumari michache kwenye mbao kavu huinuliwa kwa mtalimbo, mtu akateremka ndani. Tumia misumari mirefu inayotokeza upande wa pili wa papi, yaani mbao zinazobeba bati, kisha mwambie fundi aikunje ncha. Msumari uliokunjwa haung'oki bila kelele. Funga pia kenchi, zile fremu za mbao za paa, kwa waya mnene ulioshikwa ndani ya ukuta.

Sasa mlango. Tazama bawaba ziko upande gani. Kama mlango unafunguka kwa nje, bawaba zake zinaonekana, na mwizi mwenye bisbisi anazifungua skrubu taratibu, anautoa mlango wote pamoja na kufuli lako. Komeo la kufuli nalo mara nyingi limeshikwa na skrubu nne fupi ambazo mtoto angezifungua. Zitoe. Weka boliti zenye kichwa cha mviringo zinazopenya ubao mzima, nati zikae ndani, na ukishakaza, gonga ncha ya boliti kwa nyundo ipanuke ili nati isirudi. Kwa mlango wa chuma, mchomeleaji atazichomelea pini za bawaba kwa dakika chache, na umwombe akutengenezee kiboksi cha chuma cha kufunika kufuli, kilicho wazi chini tu, panapopita mkono na ufunguo. Hapo mkasi wa kukatia nondo haufiki kwenye shingo ya kufuli. Kwa maoni yangu, kufuli la kawaida ndani ya kiboksi ni bora kuliko kufuli kubwa linaloning'inia nje. Dirisha, kama lipo, lizibe kwa nondo zilizoingizwa ukutani wakati wa kujenga. Grili ya kupigilia misumari haisaidii sana.

Hata hivyo, chukulia kwamba ataingia. Mashine ya maji ya petroli mtu mmoja mwenye nguvu anaibeba, anaifunga nyuma ya bodaboda, na kabla ya alfajiri iko wilaya nyingine. Kwa hiyo ifunge ndani. Chimba shimo sakafuni la kina cha nusu mita, simamisha humo nondo ya milimita 16 iliyokunjwa kama kiatu cha farasi, miguu yake ukiitanua chini, jaza zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, ulimwagilie maji wiki nzima. Baada ya hapo pitisha mnyororo kwenye fremu ya mashine na kwenye ile nondo. Usiupitishe kwenye mpini wala kwenye kitu kinachofunguliwa kwa spana.

Njia bora zaidi kwa mkulima ambaye nyumba yake haiko mbali ni kutoilaza mashine bondeni. Tengeneza toroli, upande nayo kilima jioni. Najua kilima kinachosha baada ya kumwagilia kutwa nzima, na ndiyo maana wengi huacha. Lakini gharama ya mashine mpya inachosha zaidi. Mbolea vilevile: peleka shambani ya kutosha kazi ya siku hiyo. Mbolea ya ruzuku umeisubiri, umepanga foleni, umeipata. Usiilundike kwenye kibanda kilicho peke yake kilomita mbili kutoka kwa watu.

Kuna jambo linaloniumiza sana, nalo ni kulaza kijana ndani ya stoo awe mlinzi. Nimemkuta mmoja amelala kwenye mkeka, kichwani ana galoni la petroli, miguuni chupa za dawa ya nyanya zilizofunguliwa, na katikati jiko la mkaa kwa ajili ya baridi ya Iringa. Mvuke wa dawa ni sumu. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Petroli na moto sina haja ya kueleza. Kama lazima awepo mlinzi, mjengee kibanda chake pembeni, upande wa upepo safi, mpe tochi, filimbi na simu yenye chaji. Usitege pia nyaya za umeme wala misumari mlangoni. Wa kwanza kukanyaga atakuwa mtoto aliyetumwa kuleta jembe.

Mbwa anasaidia, na kanga wanasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa hupiga kelele kwa mgeni yeyote. Fyeka majani mita tatu kuzunguka stoo ili pasiwe na pa kujificha. Michongoma ipande mpakani, mbali na ukuta. Ongea na wa shamba la jirani mpeane zamu ya kupita usiku. Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, walipoanza Usukumani na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguvu yao ilikuwa yowe: likisikika, watu wote wanatoka. Bondeni kwenye wakulima kumi hilo linawezekana. Mkimkamata mtu, mfikisheni kwa mtendaji wa kijiji au polisi akiwa mzima. Kumpiga ni kosa, na mara nyingine mnampiga asiyehusika.

Yule mkulima wa Ilula tulikwenda naye kwa mafundi watatu wa mashine. Kila mmoja alimuuliza, "Ya kwako ina alama gani?" Akajibu kwamba ni nyekundu. Zilizokuwa pale mezani zote zilikuwa nyekundu. Hakuwa na risiti, wala hakuwahi kuandika namba ya injini. Kwa hiyo, siku unaponunua, dai risiti, piga picha ya mashine na ya namba yake, iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Kisha mwambie fundi achonge herufi za jina lako na la kijiji kwenye chuma cha injini penyewe, mahali ambapo rangi haiwezi kuficha. Na wewe unaponunua iliyotumika, usikubali bei ya kutupa kutoka kwa mtu asiye na risiti. Andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Ukikuta umeibiwa, usiingie ndani wala usiruhusu watu wakanyage nyayo. Mpigie mtendaji, nenda polisi na lile daftari upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, halafu siku hiyohiyo pita kwa mafundi na kwenye gulio la karibu ukiwaonyesha picha. Watajie pia dawa zilizoibwa, kwa sababu huwa zinauzwa kwenye chupa za soda, na mtoto wa mtu anaweza kuzinywa.