Mwamuzi mwenzako anasubiri upasuaji wa moyo: namna ya kusimama naye

Marefa wenzangu, hii naiandika kwa sababu mwaka juzi wilayani kwetu tulipata huo mtihani na mwanzoni tuliufanya vibaya sana, kila mtu ana huruma lakini hamna mwenye mpango, mpaka mgonjwa mwenyewe ndo akawa anatupooza sisi kwenye simu. Mwenzetu ni mshika kibendera, mwalimu wa shule ya msingi, mtu ambaye kwenye zile mbio fupi tano za mita 30 za mtihani wa utimamu wa mwili alikuwa anatuacha wote. Halafu akaanza kubaki nyuma. Kwanza akasema malaria, baadae akasema umri umeenda, wakati ana miaka 34. Siku moja mazoezini akainama kashika magoti, jezi inachezacheza pale kifuani upande wa kushoto, yaani mapigo unayaona kwa macho, ndo tukampeleka hospitali ya mkoa bila kumsikiliza. Majibu yakaja kwamba valvu ya moyo, yaani kile kilango cha kupitisha damu, imeharibika. Dokta akatueleza kuwa mafindofindo ya utotoni yasipotibiwa vizuri yanaweza kuleta homa inayokula valvu taratibu, na mtu akaja kujua ukubwani. Akapewa rufaa ya Dar, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, kifua kifunguliwe na valvu ibadilishwe.

Sasa kabla hujaandika neno lolote kwenye grupu la WhatsApp, muulize yeye kwanza. Muulize nani ajue, ajue kiasi gani, na nani asiambiwe kwa sasa. Refa wengi wanaficha ugonjwa kwa sababu wanajua ikisikika tu hawapangwi mechi, na ile posho ya mechi ndo ada ya mtoto. Kwetu kuna mmoja aliwahi kurusha picha ya mgonjwa wetu akiwa kitandani, na maneno ya kumuombea, kwa nia njema kabisa, kwenye grupu lenye watu zaidi ya mia mbili. Saa moja baadae mama yake kijijini akapigiwa na jirani kupewa pole. Yule mama alikuwa hajaambiwa kitu, mwanae alikuwa anatafuta namna ya kumwambia taratibu kwa sababu ana presha. Naomba hilo lisiwapate.

Akishawaruhusu, gawaneni kazi kama mnavyogawana mechi. Uwanjani tunaingia wanne na hakuna anayefanya kazi ya mwenzake, wa kati ana filimbi, wawili wana vibendera, wa nne yuko mezani. Sisi tulimpa mmoja hela, mmoja damu, mmoja nyumbani kwa mgonjwa, na mmoja akawa msemaji, yaani yeye peke yake ndo anaongea na familia halafu anatuletea taarifa. Huyo msemaji ni wa muhimu kuliko mnavyodhani. Shemeji yetu, mke wa mgonjwa, alituambia siku za mwanzo alikuwa anapokea simu hamsini kwa siku, kila mmoja anataka aelezwe upya tangu mwanzo, simu inaisha chaji na dokta anamtafuta hampati.

Kuhusu hela, msitangaze mchango kabla hamjajua mnachangia nini. Nendeni na mwanafamilia mkaombe makadirio ya gharama kwa maandishi, muulize bima inabeba nini na haibebi nini, na kama familia haina uwezo muulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, watu wengi wanaipita hiyo ofisi mlangoni bila kujua kuwa kazi yake ni kusikiliza kesi kama hizo. Halafu kaeni chini muandike vile vitu ambavyo havipo kwenye bili. Nauli ya basi ya msindikizaji kwenda na kurudi, chumba cha kulala huko Dar labda wiki tatu, chakula chake, bajaji za kila siku, dawa baada ya kuruhusiwa, nauli ya kurudi kliniki. Sisi tulipiga hesabu ya upasuaji tu, tukajiona tumemaliza, wiki ya pili shemeji akawa anakula mlo mmoja kwa siku na hasemi. Tulikuja kujua kwa mama ntilie aliyekuwa anamuuzia.

Mshika hela awe na mwenzake, wawe wawili, na kila siku saa mbili usiku waweke orodha kwenye grupu, jina na kilichoingia, na chini yake kilichotoka na kimeenda wapi. Ahadi ziandikwe mbali na taslimu, msizichanganye hata siku moja. Na msiweke kiwango cha chini. Kuna kijana wa kozi ya awali ya urefa, hajawahi hata kuchezesha mechi ya kulipwa, alituma elfu mbili na meseji ya kuomba radhi kwamba ni ndogo. Mgonjwa alipoisoma ile orodha baadae kidole chake kilisimama kwenye hilo jina, akakaa kimya muda mrefu.

Damu ndo sehemu ambayo sisi watu wa mazoezi tunaweza kusaidia kuliko wengi, na ndo sehemu watu wanaiacha mpaka siku ya mwisho. Upasuaji wa kufungua kifua unataka damu iwepo kabla. Mchangiaji awe na miaka 18 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu, mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, na kabla hawajakutoa wanapima wingi wa damu kwanza. Damu ikipimwa ikakutwa na tatizo unaambiwa wewe peke yako kwa siri, hilo liwekeni wazi kwa sababu kuna wanaokwepa kwa hofu hiyo. Haina ulazima damu yako iwe kundi moja na la mgonjwa, ulizeni hospitali, mara nyingi wanachotaka ni chupa irudi benki ya damu. Kama nyie mko mkoani na mgonjwa yuko Dar, piga simu kwa marefa wa Dar, msione aibu, sisi tulipata watu tisa kwa siku moja na wengine walikuwa hawajawahi hata kumuona. Angalizo moja tu, angalieni ratiba. Anayechezesha Jumamosi asitoe damu Ijumaa, na mwenye mtihani wa utimamu wiki hiyo asitoe kabisa, atoe baada ya mtihani, kwa sababu maji ya mwilini yanarudi haraka lakini chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa kujijaza, na ile mizunguko 40 ya kukimbia mita 75 na kutembea 25 haimhurumii mtu.

Halafu maneno. Hapa nawaomba sana. Mtu anayesubiri kufunguliwa kifua halali usiku, na ukimpigia kumwambia habari za mjomba wako aliyeingia chumba cha upasuaji hakutoka, umemuongezea usiku mwingine. Usimtumie zile meseji za kusambazwa kwamba mizizi fulani inazibua moyo. Usimwambie pia "hamna kitu, utarudi uwanjani mwezi ujao", kwa sababu hujui, na yeye anajua kuwa hujui. Mimi nilichogundua ni kwamba alitaka tuongee mpira. Nilikuwa nampigia Jumapili jioni namsimulia tukio la mechi, krosi imetoka wapi, beki wa mwisho alikuwa wapi, nilikuwa nimesimama wapi, halafu namuuliza ungenyanyua kibendera? Anauliza maswali manne, anajibu, tunabishana. Dakika kumi hivi. Shemeji anasema baada ya zile simu alikuwa anakula.

Kama anapenda mifano, mpe ya kweli. Nwankwo Kanu wa Nigeria alitoka kubeba dhahabu ya Olimpiki Atlanta 1996, Inter Milan wakampima wakakuta valvu mbovu, Novemba mwaka huohuo akapasuliwa Marekani, 1997 akarudi kucheza, baadae akawa bingwa wa Uingereza na Arsenal, na mwaka 2000 akafungua taasisi yake ya kugharamia watoto wenye matatizo ya moyo. Mwambie hiyo, lakini mwambie pia kila moyo na dokta wake.

Dua na sala nazo zina nafasi yake kwa watu wetu. Mgonjwa wetu ni Muislamu, wenzetu Wakristo waliuliza kwanza kabla ya kuja kumuombea, akasema njooni wote, tukakaa sebuleni kwake jioni moja, shehe akasoma dua, mzee wa kanisa akaomba, tukanywa uji tukaondoka mapema ili apumzike. Kuondoka mapema ni sehemu ya ziara.

Siku ya upasuaji kaeni mbali, wabaki wawili tu wa kumshika shemeji. Inaweza kuchukua saa nyingi, na akitoka anapelekwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ana mirija mdomoni na kifuani, mtu asiyeambiwa mapema akimuona vile anaweza kuzimia pale mlangoni, kwa hiyo mwandaeni mke wake kabla. Chukua chaja, maji, na kitu cha kula ambacho hakiharibiki. Msemaji atume meseji moja asubuhi na moja jioni, basi.

Akirudi nyumbani ndo kazi inaanza, na ndo wakati wageni wanapungua. Mfupa wa kifua umekatwa ukafungwa kwa waya, unahitaji kama wiki 6 mpaka 12 kushikana. Maana yake hanyanyui ndoo ya maji, habebi mtoto, hasukumi pikipiki, haendeshi gari, na wewe ukifika usimkumbatie kwa nguvu wala kumvuta mikono kumsaidia kuinuka, mshike mgongoni. Akikohoa awe na mto wa kukumbatia kifuani. Sisi tulipanga zamu, kila siku mtu mmoja anachota maji na kupeleka watoto shule, na hiyo ilimsaidia kuliko hata ile hela ya mwanzo. Kutembea anatakiwa atembee, anaanza na dakika tano na kuongeza kidogo kidogo kama alivyoelekezwa, shida ya refa ni kwamba akipata nafuu anataka kukimbia. Tembea naye wewe, uwe ndo breki yake.

Aliyewekewa valvu ya chuma anameza warfarini maisha yake yote, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye valvu, na hapa wageni wengi wanakosea bila kujua. Mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu zina vitamini inayopunguza nguvu ya hiyo dawa. Hajakatazwa kula, anatakiwa ale kiasi kilekile kila wiki, sasa wiki ya kwanza watu watatu mkimletea fungu la mchicha kila mmoja, kipimo chake cha kuganda kwa damu kile cha INR kinayumba. Dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki au aspirini asimeze bila kuuliza, na dawa za kienyeji vilevile. Akienda kung'oa jino lazima aseme kwanza kwamba ana valvu ya bandia. Ukiona fizi au pua zinatoa damu haziachi, choo cheusi, kidonda kinatoa usaha, homa, miguu kuvimba, kuishiwa pumzi, au mdomo kwenda upande na mkono kulegea, usisubiri kesho, hospitali saa hiyohiyo. Na kwa waliougua kutokana na ile homa ya utotoni mara nyingi kuna sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne. Mmoja wenu aweke tarehe kwenye simu yake amkumbushe.

Kuhusu kupangwa mechi, nendeni mapema kwa wanaopanga mkawaombe wasimfute jina kwenye orodha, waandike tu yuko kwenye matibabu. Ni kitu kidogo kwenye karatasi lakini yeye aliuliza hicho kabla ya kuuliza kidonda chake kikoje. Kama atarudi kukimbia ataamua dokta, na mwenye warfarini mpira ukimgonga kichwani kwa nguvu si jambo la kupuuza, kwa hiyo msimsukume. Kazi za mpira zipo nyingi zisizo na mbio, kutathmini marefa vijana, kuwafundisha sheria, ukamishna wa mechi.

Mwezi wa nne tangu apasuliwe alikuja mazoezini kwa bodaboda ya taratibu, kavaa fulana pana. Tukampa saa na filimbi asimamie ile mizunguko 40, filimbi moja tunakimbia, nyingine tunatembea. Mzunguko wa 22 yule kijana wa elfu mbili akaanza kubaki nyuma, ameshika ubavu. Mwenzetu akapuliza akatusimamisha wote, akamwita pembeni, akamuuliza tangu lini unachoka hivi, na Jumatatu yake akampeleka mwenyewe hospitali kupimwa.