SOMO: Skrubu ya waya wa VGA ikigoma, usilazimishe

Wakuu, kila projekta ikifungwa ukumbini hapa Arusha, swali ni lile lile: "skrubu inaingia mizunguko miwili halafu inagoma". Naandika mara moja. Mwingine akiuliza nitamtumia hii.

Plagi za VGA na DVI (za picha) na siriali (ya data) kwa kawaida hutumia thredi, yaani meno ya skrubu, ya inchi, 4-40 UNC: kipenyo 2.84 mm, meno 40 kwa inchi. Baadhi ya vifaa huja na M3, thredi ya milimita: kipenyo 3 mm, jino hadi jino 0.5 mm. Kwa macho ni pacha.

1. Zima, chomoa waya.
2. Chukua skrubu inayofunga kisomaji cha DVD kwenye kompyuta (hiyo ni M3), ilaze ubavuni mwa ile usiyoijua, tazama kwenye mwanga. Meno yakilaliana bila upenyo, ni M3.
3. Thredi zikitofautiana, badilisha nati za pembe sita zilizo pembeni mwa soketi, uweke za aina moja na skrubu ya waya. Tumia boksi spana ya 5 mm; kipimo chake halisi ni 3/16 ya inchi, kwa hiyo itacheza kidogo, igandamize wima. Plaizi hula pembe. Toa moja, rudisha moja, ndipo uguse ya pili: hizo nati ndizo zinazoishika soketi kwenye bati, ukizitoa zote, viungo vya risasi (solda) vya bodi ndivyo vinabeba mzigo. Na angalia ncha ZOTE mbili, maana zipo nati zenye 4-40 upande mmoja na M3 upande wa pili.
4. Kaza waya kwa vidole tu.

MASWALI

— Si nikaze na bisibisi mpaka iingie?
Kaza, halafu ununue kadi mpya ya picha. 4-40 ikikutana na M3, kila mzunguko meno yanapishana 0.135 mm. Soma tena hatua ya 2.

— Nikifungua waya, nati inatoka nayo.
Ishike nati kwa spana, zungusha skrubu kwa bisibisi. Kisha irudishe ilikotoka, usiiache mezani.

— Nati za 4-40 nazipata wapi?
Duka la vifaa vya ujenzi usipoteze muda. Waombe mafundi kompyuta bodi mbovu, ung'oe.

— Maabara yetu ina waya za GPIB (za kuunganisha vifaa vya vipimo na kompyuta), skrubu nyingine nyeusi, nyingine za rangi ya fedha. Kuna tofauti?
Swali zuri. Nyeusi ni za milimita, M3.5, za fedha ni za inchi, 6-32. Usizichanganye. Hiyo 6-32 ndiyo inayofunga diski za inchi 3.5 pia.

— Na diski ndogo za laptop?
M3, fupi. Ndefu inaweza kugusa bodi ndani.