Jinsi ya Kuomba na Kuongeza Anwani za IP kwenye VPS Bila Kujifungia Nje

Kuomba anwani ya pili ya IP (namba inayoitambulisha seva mtandaoni) kwa ajili ya VPS, yaani seva pepe ya kukodi, huchukua dakika chache. Kuiweka kwenye seva bila kukata njia yako mwenyewe ya kuingilia ndiko kulikonigharimu siku nzima, na nisingependa kukugharimu wewe pia.

Fomu ya maombi ya mtoa huduma hutaka sababu, kwa kuwa anwani za IPv4 (toleo la zamani la IP) ni takriban bilioni 4.3 tu na IANA, shirika linalosimamia ugawaji wa anwani duniani, iligawa mafungu yake makubwa ya mwisho Februari 2011. Usiandike kwamba kila tovuti inahitaji anwani yake kwa ajili ya cheti cha usalama. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani, lakini SNI, mbinu ya kivinjari kuitajia seva jina la tovuti kinayoitaka, huwezesha tovuti nyingi zenye vyeti tofauti kukaa kwenye anwani moja, na ombi langu la kwanza lilikataliwa kwa kuitumia. La pili, lililoeleza kwamba nataka kutenganisha barua pepe na tovuti, lilikubaliwa.

Ukishapewa anwani, ichunguze katika orodha za anwani zilizofungiwa, kama ile ya Spamhaus, kabla ya kuitumia, kwa sababu anwani iliyowahi kutuma barua taka huja na sifa yake mbaya, na ni vyema kuomba ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Sasa fika kwenye seva, na hapa nenda polepole. Kwenye Ubuntu, amri `ip addr add 203.0.113.25/32 dev eth0`, ukiweka anwani yako na jina la kadi yako ya mtandao, huanza kazi papo hapo lakini hupotea seva ikiwashwa upya. Itumie kwa majaribio tu. Ili idumu, unahitaji faili ndani ya `/etc/netplan`, folda ya netplan, zana ya Ubuntu ya kupanga mtandao. Mimi nilihariri faili iliyokuwepo, nikafuta kwa bahati mbaya mstari wa anwani ya kwanza, kisha nikatumia `netplan apply`. Muunganisho wa SSH, njia ninayotumia kuingia kwenye seva kwa mbali, ulikatika mara moja. Konsoli ya mtoa huduma, yaani skrini ya seva inayofunguliwa kupitia tovuti yake, ilinidai nenosiri ambalo sikuwahi kuliweka, kwa kuwa nilizoea kuingia kwa funguo, nikabaki nikisubiri tiketi yangu ya kuomba msaada ijibiwe huku tovuti zote zikiwa zimezimika.

Kwa hiyo weka nenosiri na ujaribu kuingia kwa konsoli kabla ya kugusa chochote. Faili ya `50-cloud-init.yaml` iache ilivyo, kwani cloud-init, programu inayoipanga seva inapowashwa, inaweza kuiandika upya. Tengeneza yako, kwa mfano `60-ip-ziada.yaml`, yenye anwani mpya pekee, nayo netplan itaiunganisha na iliyopo. Usiongeze lango (gateway) la pili isipokuwa mtoa huduma ameagiza. Kisha tumia `netplan try`, ambayo hurudisha mipangilio ya awali usipothibitisha ndani ya sekunde 120.

Kwa barua pepe, mwombe mtoa huduma aweke rekodi ya PTR, inayotaja jina la seva linalohusishwa na anwani, kwa anwani mpya, maana ndiye mwenye mamlaka nayo isipokuwa dashibodi yake inakuruhusu, na katika Postfix, ikiwa ndiyo programu yako ya kutuma barua, weka `smtp_bind_address`, la sivyo barua zitaendelea kutoka kwa anwani ya kwanza. Mwishowe washa seva upya saa ambayo una muda wa kurekebisha, kisha uhakikishe kwa `ip addr` kwamba anwani zote mbili zimerudi.