Kupima muwasho wa ngozi kwa mzee, nyumbani au kituoni: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na ndugu wanaolea wazee. Muwasho hausomeki kwenye kipimajoto wala kwenye mashine ya presha, na wazee wengi hawausemi, ama kwa kuuhesabu kuwa ni uzee tu, ama kwa kuona haya wasije wakadhaniwa hawaogi. Kwa hiyo ni juu ya anayepima kuutafuta. Unahitaji mwanga wa mchana, daftari, kalamu, na lenzi ya kukuzia kama unayo.

Hatua ya 1: Hakikisheni mnazungumzia kitu kimoja

Ukishamwamkia na kumketisha mahali pa faragha, usiishie kuuliza "Bibi, unawashwa?" Pilipili huwasha, dawa ya kidonda huwasha, na upupu nao huwasha, ilhali hisia zenyewe hazifanani. Niliwahi kuandika muwasho wa 9 kati ya 10 kwa bibi mmoja aliyesema ubavu unamuwasha, nikamwachia mafuta ya kupaka. Siku tatu baadaye malengelenge yalikuwa yamejipanga upande mmoja wa kifua: ulikuwa mkanda wa jeshi, na alichokuwa akinieleza tangu mwanzo ni maumivu ya kuchoma. Siku hizi nauliza hivi: "Bibi, ukijikuna unapata nafuu, au hata nguo ikigusa tu unaumia?" Muwasho ni ile hisia inayomfanya mtu atake kujikuna. Akisema anahisi kama sisimizi wanamtambaa, au anapata ganzi, andika maneno yake kama yalivyo, hasa akiwa na kisukari, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa mishipa ya fahamu.

Hatua ya 2: Uliza muda

Muwasho uliodumu wiki 6 au zaidi huitwa sugu, na huo hauishii kwenye kupaka mafuta. Lazima utafutiwe chanzo. Wazee wengi hawahesabu wiki, kwa hiyo uliza kwa matukio: ulianza kabla ya mavuno au baada, kabla ya mfungo au baada? Uliza pia kama usiku unazidi, na kama kuna mwingine nyumbani anayejikuna.

Hatua ya 3: Tazama ngozi yote

Omba ruhusa, kisha tazama sehemu moja baada ya nyingine huku nyingine zikiwa zimefunikwa kwa kanga au shuka. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Tafuta weusi uliozidi, vipele vidogo, na ule weupe kama vumbi la majivu kwenye miundi. Pitisha ukucha taratibu: mstari mweupe ukibaki, ngozi ni kavu, na ukavu ndio chanzo cha kawaida kuliko vyote katika umri huu. Mara nyingi ukiuliza utaambiwa mzee anaogeshwa kwa maji ya moto, sabuni ya mche na dodoki, kisha hapakwi chochote.

Baada ya hapo tafuta upele, ule ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na utitiri, vijidudu vidogo vinavyochimba ngozini: katikati ya vidole, viganja vinapoungana na mikono, kiunoni, chini ya matiti, sehemu za siri. Kwa mzee asiyeondoka kitandani, angalia pia mgongo na kichwa. Kuna upele wa magamba mazito, ambao huwapata zaidi waliodhoofika, na ambao unaweza kuwasha kidogo tu ilhali umejaa utitiri na kuambukiza nyumba nzima; namba ndogo ya muwasho isikupumbaze hapo.

Mgongo unastahili kutazamwa kwa utulivu. Alama za kucha zikiwa mabegani na kiunoni, huku katikati, pale mkono usipofika, ngozi ikiwa safi, basi huenda ngozi yenyewe haina ugonjwa na chanzo kiko ndani ya mwili. Lakini uliza kwanza ni nani anayemkuna mgongo. Nimekuta gunzi la mahindi chini ya mto, nimekuta mwiko, na nimekuta mjukuu ambaye hiyo ndiyo kazi yake kila jioni.

Hatua ya 4: Pata namba

Mwambie: "0 ni kutowashwa kabisa, 10 ni muwasho mkali kuliko wowote unaoweza kuufikiria, kama umemwagiwa upupu mwili mzima. Tangu jana saa hizi, ulipozidi kabisa ulikuwa ngapi?" Asiyezoea namba aoneshe kwa vidole. Kwa makadirio, chini ya 3 ni muwasho mdogo, 3 hadi chini ya 7 ni wa kati, 7 hadi chini ya 9 ni mkali, na 9 kwenda juu ni mkali mno. Mfano wowote utakaotumia, iwe upupu au ile klorokwini ya zamani ambayo wazee wengi wanaikumbuka kwa kuwasha, usiubadilishe safari ijayo, maana utakuwa umebadilisha rula. Ongeza swali la usingizi: ameamka mara ngapi kujikuna?

Hatua ya 5: Asiyeweza kujieleza

Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu au kauli, kaa naye dakika 10 na uhesabu mara anazojikuna au kujisugua kitandani. Hii ni njia yangu ya kulinganisha siku na siku, si kipimo rasmi. Angalia kucha: zinazong'aa kama zilizopigwa msasa zimefanya kazi kubwa. Angalia madoa ya damu kwenye shuka, na muulize anayelala naye chumbani.

Hatua ya 6: Dawa, na lini apewe rufaa

Omba uletewe mfuko wote wa dawa. Baadhi ya dawa za presha na za maumivu makali huweza kuleta muwasho, lakini usimwachishe mwenyewe. Mpeleke kwa daktari. Asicheleweshwe mwenye macho ya manjano, anayekonda, mwenye homa au jasho la usiku, matezi yaliyovimba, malengelenge makubwa, au muwasho sugu usio na vipele wala ukavu. Huko atapimwa damu, figo, ini, sukari na tezi ya shingo. Aliyeishi maeneo ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo na ambao huwasha ngozi, kama Mahenge mkoani Morogoro, aeleze hivyo mapema.

Hatua ya 7: Rudia

Rudia baada ya wiki moja au mbili, saa ileile, kwa maneno yaleyale, bila kumkumbusha namba ya mwanzo, kwani mzee mwenye adabu atakupunguzia ili usijione umeshindwa. Kushuka kwa alama 2 au 3 ni nafuu ya kweli. Alama 1 naiacha ipite. Mstari mmoja wa daftari langu husomeka hivi: "Jumanne, saa 3 asubuhi. Mfano: upupu. Kilele 8. Ameamka mara 3. Miundi na mabega. Anakunwa na mjukuu."