Mchaichai: kuvuna, kukausha na kupika bila kupoteza harufu

Ukichemsha mchaichai sufuria ikiwa wazi, nyumba nzima itanukia na kikombe kitabakiwa na maji ya majani tu. Ile harufu ya limau ni mafuta mepesi, sehemu kubwa sitrali (kemikali inayotoa harufu hiyo), na hupanda na mvuke. Kiwanda cha Wawi kule Pemba, kinachojulikana zaidi kwa mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), hupata mafuta ya mchaichai kwa njia hiyo hiyo: majani yanapitishiwa mvuke, mvuke unapoozwa, mafuta yanatengana na maji. Sisi nyumbani tunataka yasitoke chomboni.

Hatua ya 1: Panda

Mchaichai ni nadra kutoa maua, kwa hiyo usihangaike kutafuta mbegu. Omba pando kwa jirani, lenye mizizi. Punguza majani yabaki kiasi cha shubiri, panda penye jua na pasipotuama maji, ukiacha kama sentimita 60 kati ya shina na shina. Baada ya miezi 4 hadi 6 utaanza kukata.

Hatua ya 2: Vuna

Kata asubuhi umande ukishakauka, kwa kisu kikali, sentimita 10 hivi juu ya ardhi. Usivute kwa mkono. Kingo za jani zinachana vidole. Ukitaka bua jeupe la kutia kwenye mchuzi, ng'oa shina moja moja pembeni mwa kichaka, liponde kidogo kwa mchi, lichemke na tui, ulitoe kabla ya kupakua.

Hatua ya 3: Kausha, kama ni mengi

Kivulini, penye upepo. Jua kali linaondoa harufu na rangi pamoja. Yaache marefu, uyakate siku ya kutumia. Jani lililokauka vizuri linavunjika likikunjwa na bado lina ukijani. Lisugue kiganjani: kama halinuki, peleka kwenye mboji.

Hatua ya 4: Pika

Kwa vikombe vinne, majani mabichi matano au sita yanatosha. Yaoshe, yakusanye pamoja, yakunje uyafunge fundo. Fundo linayavunjavunja kidogo, na baadaye unalitoa kwa mara moja bila kuhangaika na chujio.

Chemsha maji kwanza. Yakitokota tia fundo, funika, punguza moto kwa dakika 5, kisha zima na uache dakika 5 nyingine bila kufunua. Ukifunua, angalia matone chini ya mfuniko. Yanuse, halafu yarudishe sufuriani.

Ukipenda chai ya rangi, tia majani ya chai kidogo mwishoni. Iliki inakwenda nao vizuri. Tangawizi nyingi inaumeza mchaichai, mimi siitii. Wapo wanaoupika kwa maziwa; sibishani nao.

Hatua ya 5: Tumia kwa kiasi

Mchaichai mtupu hauna kafeini, kwa hiyo unafaa usiku, na wengi hunywa baada ya biriani tumbo likijaa gesi. Kwa mafua, watu hujifukiza: weka sufuria chini palipo tambarare, jifunike shuka, na watoto wakae mbali, maana maji yale yanaunguza. Mvuke unakupa nafuu ya pua, basi. Homa ikipanda nenda kapime malaria. Hakuna kikombe cha mchaichai kinachochukua nafasi ya dawa mseto.

Mjamzito, na anayetumia dawa za sukari au presha, aulize kwanza kabla ya kuunywa kila siku.

Mafuta ya mchaichai ya chupa ni makali kuliko chai. Usiyanywe wala kuyapaka matupu: changanya tone moja na kijiko cha mafuta ya nazi, jaribu mkononi, usubiri hadi kesho yake.

Kuhusu mbu, shina lililopandwa mlangoni haliwazuii kuingia ndani, kwa sababu mafuta yamo ndani ya jani mpaka lisuguliwe. Chandarua usikitoe.