Kabla hujatoa hela ya maiki na kompyuta: kwa wapiga video wa Nyanda za Juu Kusini

Februari moja nilipanda Tukuyu kumrekodi mzee anayelima kahawa na ndizi. Nilikuwa na kamera nzuri ya kuazima na maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Tulikaa sebuleni, mwanga wa dirishani unampiga vizuri upande wa uso, akaanza kusimulia jinsi baba yake alivyoanzisha lile shamba. Dakika ya sita mvua ikaanguka juu ya bati. Mzee aliendelea kuongea, nami sikuwa nimevaa hedifoni. Nikajipa moyo kwamba maiki iko karibu na mdomo, itamsikia yeye tu. Nilipofika Uyole nikafungua kazi, sauti yake ilikuwa imezama kwenye ngurumo ya bati, neno moja linasikika, matatu yanapotea. Picha ninayo mpaka leo, ila simulizi yenyewe haieleweki.

Tangu siku hiyo, kijana akinijia na kuniuliza, "Kaka, ninunue maiki gani?" mimi humuuliza kwanza anarekodia wapi. Huku kwetu mvua ni kuanzia Novemba mpaka Aprili, na upande wa Rungwe huvuka hapo. Nyumba isiyo na dari haifai kwa mahojiano ya mchana wa masika, hata ukiwa na maiki ya bei gani. Nenda eneo la kazi siku moja kabla, saa ileile utakayorekodi. Simama katikati ya chumba, piga kofi moja, sikiliza. Kofi likirudi na mlio mrefu, ujue sakafu ya vigae na kuta tupu zitaiharibu sauti. Tundika mablanketi mazito mawili nyuma ya kamera, tandika jingine sakafuni, kisha piga kofi tena. Utasikia tofauti mwenyewe. Mablanketi ya baridi kila nyumba ya huku inayo, kwa hiyo hilo ni gharama ya kuomba tu. Ulizia pia mashine ya kusaga iliyo jirani inawashwa saa ngapi, na kwaya inafanya mazoezi siku zipi.

Jambo la pili ni umbali, na hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Kila unapoongeza umbali mara mbili kati ya mdomo na maiki, sauti ya msemaji hushuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, wakati kelele ya chumba inabaki ilivyo. Maiki iliyokaa juu ya kamera mita 2 kutoka kwa msemaji imeshapoteza desibeli 12 ukilinganisha na iliyo nusu mita. Ndiyo maana maiki ya bei ndogo iliyobanwa kifuani huishinda ya bei kubwa iliyo mbali. Ukinunua ya kubana, angalia nguo ya msemaji: kitenge kipya kilichopigwa wanga na shali ya sufi hukwaruza maiki kila anapopumua. Banisha mahali ambapo kitambaa hakisuguani.

Kama kazi yako ni kusoma maelezo chumbani, maiki ya dainamiki ya kuwekwa karibu na mdomo inafaa kuliko kondensa, aina inayonasa hata sauti ndogo, kwa sababu dainamiki haikusanyi kila kilichomo chumbani. Kondensa nyingi za studio zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa au kisanduku cha sauti (kile kinachounganisha maiki na kompyuta). Uliza hilo kabla, maana kuna watu wamefika nazo nyumbani hawana pa kuzichomeka. Na kama unapiga nje, Makambako au Kitulo, usiondoke bila kofia ya manyoya ya maiki. Sponji peke yake haizuii upepo wa kule.

Plagi nayo itazame kwa macho yako. Plagi ya milimita 3.5 yenye pete mbili nyeusi ni ya kamera. Yenye pete tatu ni ya simu. Mimi nilinunua yenye pete mbili, nikachomeka kwenye simu, nikarekodi sendoff nzima. Simu haikuitambua maiki, ikatumia ya kwake. Adapta ndogo tu ingeniokoa. Siku hizi simu nyingi hazina kabisa tundu hilo, zina la USB-C, kwa hiyo nenda dukani na simu yenyewe mkononi.

Halafu nunua hedifoni za kufunika masikio, na uzivae muda wote wa kurekodi. Weka kiwango cha kurekodi ili sauti ya kawaida icheze karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kifaa chako, ambapo 0 ndiyo kilele. Ikigonga 0 imepasuka, na kwa vifaa vingi sauti iliyopasuka hairudi tena. Ya chini kidogo unaweza kuipandisha baadaye.

Sasa kompyuta. Usinunue kifaa chochote kabla hujajua mashine yako inakwama wapi. Fungua kazi yako ya kawaida kwenye programu ya kuhariri, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye Windows, dirisha la Task Manager litafunguka, kisha tazama asilimia zake. Diski ikiwa asilimia 100 muda wote, tatizo ni diski. Kumbukumbu ya kazi (Memory) ikijaa, tatizo ni RAM, ndiyo hiyo kumbukumbu. Prosesa ikiwa juu peke yake, kwenye laptopu nyingi hiyo haibadilishwi, na hela ya maboresho ni bora uitunze kwa ajili ya mashine nyingine.

Kwa laptopu za mtumba tunazonunua huku, naanza na diski. Ile ya kuzunguka husoma megabaiti 100 na kitu kwa sekunde. SSD ya SATA, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, hufika 500 na zaidi. Ukishabadilisha hiyo, RAM ya gigabaiti 16 inatosha kwa video ya kawaida. Lakini RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye tundu la aina ya DDR4, na laptopu nyembamba nyingine RAM yake imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Mwambie fundi aifungue mbele yako muione pamoja kabla hujalipia chochote. Jingine la kuangalia ni umri wa mashine: Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8.

Na kama video ya 4K, yenye picha kubwa na nzito, inagomagoma, usikimbilie mashine mpya. Tengeneza nakala nyepesi za video ndani ya programu, hariri kwa hizo, kisha toa kazi, yaani video ya mwisho, kwa zile halisi. Programu nyingi za kuhariri zina uwezo huo, na kwa mtu anayeanza naona huo ndio msaada mkubwa kuliko kifaa chochote.

Piga pia hesabu ya nafasi. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Harusi ya kamera mbili kwa saa tano ni gigabaiti 450, na lazima ziwe na nakala mbili kwenye diski tofauti kabla hujafuta kadi. Arusi ya watu hairudiwi.

Umeme ukikatika katikati ya kutoa kazi, diski ya nje inayoandikwa inaweza kuharibika. UPS ndogo (kisanduku cha betri cha kushika umeme) ya kompyuta ya mezani hukupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Radi zikianza, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa intaneti. Juni na Julai kule Njombe na Makete betri huisha haraka kwa baridi, basi zibebe mfuko wa ndani wa koti. Na ukitoka nje kwenye baridi kuingia ukumbini, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ili lenzi isishike umande.

Siku ya kununua, nenda Mwanjelwa au popote unaponunulia ukiwa na laptopu, simu, kamera na hedifoni zako. Rekodi dakika mbili palepale dukani, na kelele za wapita njia zikiwemo, sikiliza mpaka mwisho, kisha ndipo uulize bei ya mwisho na risiti.